Kisu Kisipande Ngong

Niinueni kidogo. Hapo, basi. Ndung'u, weka huo mto mwingine nyuma ya mgongo wangu, na wewe Judy funga dirisha la upande wa barabara, hizo lori za simiti zinanipigia kelele na leo niko na maneno, na sauti yangu si ya kushindana na lori. Nashipae, toka huko mlangoni. Vuta kiti ukae hapa karibu na kichwa changu. Nitaongea Kiswahili kwa ajili yako, maana Kikuyu chako bado ni cha kununulia viazi, na haya maneno sitaki yakufikie yakiwa yamepitia kwa mdomo wa mtu mwingine. Kiswahili changu mnakijua, nilikiokota kwa majani chai, kwa hivyo mtanivumilia.

Tegeni masikio, wanangu, na msinikatize. Yale daktari aliwaambia kule kwa korido niliyasikia, kwa sababu kilichooza ni kifua, masikio bado yako sawa. Sina kinyongo naye, ana kazi ngumu. Lakini siku hii ya leo nimeiomba kwa Mungu kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mtu yuko njiani. Lemein, ndugu yako Nashipae, amepiga simu, wametoka Ngong asubuhi, wamepita Kiserian, na sasa wako kwa ile barabara ya kuja Isinya. Anamleta baba yake. Ndiyo, Judy, umesikia vizuri. Nimemwita Parmuat, baba Nashipae, aje kwa hii nyumba ambayo baba yenu alimfukuza. Usininunie sasa, utapata muda wa kuninunia nikiwa sikuoni. Nataka nimalize kusema kabla hajafika, ili akifika mjue amekuja kwa nini, na mimi nibaki na pumzi ya kumwomba msamaha. Nikishindwa kumwomba nikiwa hai, hakuna kati yenu atakayeweza kuniombea, na huo mzigo nitaenda nao.

Nianze na mali, kwa sababu najua mnaingoja ingawa mnajifanya hamuingoji. Nyumba hii ni ya Judy. Aliacha kazi yake Thika akarudi kunifulia na kunigeuza kitandani, na hakuna mtu atamwambia mwanamke hana haki na nyumba ya baba yake, labda aje aniambie mimi. Vile vyumba vya kupangisha huko nyuma ni vya Ndung'u, lakini Phylis asitolewe kwa chumba chake, yeye ndiye alinichotea maji miaka ile bomba lilikuwa linakohoa hewa tupu, na mtu aliyekuchotea maji Kitengela ni ndugu. Tangi ni la nyote. Mkigombania tangi nitarudi niwatandike.

Sasa kuna ile bustani ya Ngong. Hapo ndipo nitakaa, kwa sababu hapo ndipo roho yangu inauma.

Baba yenu, Kahiga, alikuwa mtu wa baridi. Nyinyi mlimjua akiwa mzee wa Kitengela, kofia kichwani, analaani vumbi, lakini mimi nilimpata Limuru akiwa kijana ndani ya majani chai, kwa ukungu ule ambao mnaweza kuongea na mtu na hamuonani. Alikuwa mkuu wa wapogoaji. Wenzake wakikata chai, yeye alikuwa anapita nyuma yao akichuchumaa, anafunga jicho moja, anaangalia kama shamba lote limelala sawa, na akiona kichaka kimeinua kichwa anakirudia mwenyewe na kile kisu chake kirefu. Kwa chai, ukikata ndipo unapata. Unakata kila kitu juu ya goti, shamba linabaki limenyolewa kabisa, unalihurumia, kisha mvua inakuja na majani machanga yanatoka kwa fujo. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo, na ilitulisha, na ilikusomesha wewe Ndung'u na wewe Judy, kwa hivyo msije mkaicheka kwa sababu ya haya nitakayosema.

Tulipohamia huku, kwa sababu plot zilikuwa zinapatikana na watu wote wa kanisa letu walikuwa wanakuja, alinyamaza karibu mwaka mzima. Huu udongo mweusi ulimshinda. Kiangazi unapasuka mpaka kuku anapoteza mguu, mvua ikinyesha unakuvua viatu. Maji ya kisima yana chumvi. Alileta haidrenjia moja, lile ua la vichwa vikubwa vya duara, kutoka kwa dada yake Kinangop, akaipanda kwa ndoo pale kwenye kivuli cha tangi, akaimwagia masalio ya chai kila asubuhi. Ilikuwa inaamka vizuri, ikifika saa sita majani yote yamelegea, na kingo zake zimeungua. Iliishi, lakini haikutoa ua hata moja. Alikuwa anaikalia pale na kigoda chake anaiambia pole.

Ndipo akapata kile kipande huko juu ya mji wa Ngong, kwenye mteremko, mahali mawingu yanashuka asubuhi mpaka yanaingia ndani ya sweta. Watu walimcheka. Mahindi hayakomai huko, upepo unaangusha maharagwe, na yeye anasema amepata dhahabu. Alirudi Kinangop akaleta miche imefungwa kwa gunia lililoloweshwa, ile aina fupi, ambayo haipiti goti la mtu na bado inabeba kichwa cha ua kikubwa kushinda sufuria ya chai. Alichagua fupi kwa sababu ya ule upepo. Alisema ndefu zitavunjika shingo. Mama yake alikuwa nazo kando ya mlango, za rangi ya buluu, zinafunguka wakati wa Krismasi, na hicho ndicho kitu pekee kizuri alichokumbuka kutoka utoto wake. Akabeba na viti viwili vya mbao, akaviweka kwa kile kibanda cha mabati, akaniambia, "Mwihaki, siku zitakapochanua, wewe na mimi tutakaa katikati yake tunywe chai, na hakuna mtu atatuita."

Hivyo viti havikukaliwa. Nipeni maji kidogo. Asante, Nashipae.

Hazikuchanua, wanangu. Na si kwamba hakuzitunza, alizitunza kuliko alivyowatunza nyinyi. Alizitandikia majani makavu ya mti wa paini ili mizizi ibaki na unyevu. Alizipandia miti ya kuzizuia jua la mchana. Alizika misumari yenye kutu kwa sababu mama yake alikuwa anafanya hivyo. Na kila mwaka, baridi ya Julai ikiisha, alikuwa anakinoa kile kisu hapo nje kwa jiwe, anapanda Ngong, anachuchumaa, anafunga jicho moja, na anazikata zote ziwe sawa. Zilikuwa zinarudi na majani mazito, ya kijani kibichi, mtu yeyote angesema ni afya. Krismasi inafika, majani. Pasaka, majani. Ila kichaka kimoja tu, kile cha pembeni, ambacho matawi yake yaliinamia ng'ambo ya ua wa miiba, kwa boma ya Parmuat. Hicho kilikuwa kinatoa maua makubwa ya buluu, na yote yalikuwa yanaangalia kwa Parmuat.

Hebu fikirieni hiyo. Mwaka baada ya mwaka, mtu anafanya kazi yote, na maua yanachanua kwa jirani.

Ugomvi ulianza na matawi. Baba yenu alikuwa akimaliza kukata anarundika yale matawi na kuyatupa ng'ambo ya ua, kwa nia nzuri kabisa, alidhani anamletea Parmuat chakula cha mifugo. Huko Limuru ukikata kitu unampa mwenye ng'ombe. Hakujua haidrenjia ni sumu. Mbuzi mmoja wa Parmuat alikula akafura na akafa, na Parmuat akaja kwa ule ua, akasimama na fimbo yake, akaongea polepole kama anavyoongeanga, akasema, mzee mwenzangu, hii miti yako nakuomba usitupe huku tena, mbuzi wangu wakiila wanakufa, na mimi nitawafundisha wasiikaribie. Ni hayo tu. Hakudai kitu. Hata hakuinua sauti.

Lakini baba yenu alirudi hapa jioni na hasira. Akaniambia, umesikia? Amekiri mwenyewe! Amesema mbuzi wake wanakula! Sasa nimejua maua yangu yanaenda wapi. Nikamwambia, Kahiga, si mzee amesema wakila wanakufa, sasa mbuzi gani huyo anakula kila mwaka na hafi? Akanifokea kwamba mimi sijui mbuzi. Kuanzia siku hiyo kila tawi lisilo na ua lilikuwa ni mbuzi wa Parmuat. Kulikuwa na kwato zilizoonekana kwa matope, kulikuwa na mavi ya mbuzi, kulikuwa na kila ushahidi isipokuwa mbuzi mwenyewe. Na siku ile Parmuat alishuka mpaka hapa Kitengela, peke yake, amevaa koti la kwenda kanisani, kuja kupatanisha, baba yenu alimkuta pale getini akamwambia, "Wewe hutakanyaga hapa. Mimi nikiwa na jina, hutakanyaga."

Parmuat alifunga kifungo cha lile koti. Aligeuka akaenda. Judy, ulikuwa umesimama karibu na baba yako. Uliona. Na kwa sababu ulikuwa unampenda, uliuchukua ule ugomvi ukaufanya wako, ukaubeba mpaka leo, na mimi sikulaumu, mtoto anabeba kile amekuta mzazi amebeba.

Kisha Ndung'u akaenda akapenda nani? Wasichana wote wa Kajiado, na huyu mtu anapenda binti ya Parmuat. Nashipae, usicheke, ni kweli. Walikuwa wanaonana kwa ule ule ua, mmoja ametumwa kunyunyizia maji, mwingine ametumwa kurudisha mbuzi. Baba yenu alikataa kwenda kupeleka mahari. Alisema ana homa. Wazee walienda na Maina, ndugu yake, na Parmuat akawapokea vizuri, akauliza swali moja tu, baba ya kijana yuko wapi. Walipomwambia ni mgonjwa, alitenga kondoo dume mmoja, akasema huyu hachinjwi leo, huyu ni wa siku baba yake atakuja tule pamoja. Yule kondoo alizeeka. Meno yalimtoka akafa kifo chake kwa zizi, hajachinjwa, kwa sababu mgeni wake hakufika. Hiyo niliambiwa na Nashipae, nikaingia jikoni nikalia.

Mkafunga ndoa bila baraka ya mzee. Aliishi, akazeeka, na akafa hajawatemea mate ya baraka kwa vifua vyenu kama inavyotakiwa. Hata mtoto wenu alipozaliwa mkampa jina lake, Kahiga, alimbeba, alifurahi, alimwimbia, lakini baraka ya ndoa ilibaki imefungwa kwa koo lake.

Siku tulipomzika, hema lilikuwa hapa uani na watu wamejaa mpaka kwa jirani. Nilikuwa nimekaa mbele na kitambaa changu. Nikainua macho nikaona, huko nje barabarani, ng'ambo ya geti, Parmuat amesimama juani, kofia mkononi. Hakuingia. Kwao neno lililosemwa na mwenye nyumba halitolewi na mtu mwingine ila mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa ndani ya sanduku. Alisimama hivyo ibada yote, mpaka tulipomshusha, mpaka udongo ukaisha, kisha akavaa kofia yake akaenda. Ningeinuka. Zile hatua chache tu kutoka kwa hema mpaka kwa geti. Lakini wanawake walikuwa wamenishika huku na huku, na nilijiambia nitaenda kwake kesho. Hiyo kesho, wanangu, ndiyo leo.

Subirini nipumue.

Sasa sikilizeni hii sehemu, na wewe Judy sikiliza zaidi. Mwaka ule baba yenu alikufa, hakuna mtu alienda kukata. Mimi nilikuwa na matanga, Ndung'u alikuwa na kazi, kile kisu kilikuwa kimening'inia pale nyuma ya mlango. Baridi ikaja, ikaisha, nikasahau kabisa. Karibu na Krismasi nikamwambia Ndung'u anipeleke nikaone kama watu wameiba mabati. Tulifungua ule mlango wa mbao, na bustani yote ilikuwa buluu. Yote! Hakukuwa na mahali pa kuweka mguu. Kila kichaka, vile vifupi, vimeinamishwa na uzito wa maua yao, umande bado uko juu. Ndung'u alipiga magoti. Akasema, mama, hii ni baraka ya baba kutoka mbinguni. Nikamwachia aseme hivyo. Nilitoa kiti kimoja kwa kibanda nikakifuta vumbi, nikakaa katikati, na kile kingine nikakiacha kando yangu kikiwa wazi. Hatukuwa tumebeba chai.

Lakini mimi nimekata chai maisha yangu yote, na macho yangu hayakutulia. Mwaka uliofuata nilipanda mwenyewe wakati wa baridi, nikaenda kwa kile kichaka cha pembeni nikaangalia ncha za matawi. Kila ncha ilikuwa na tumba moja nene, limefunga. Nikalipasua na ukucha. Ndani yake mlikuwa na ua. Dogo dogo, punje za kijani zimesongamana, nyembamba kuliko mtama, lakini ua zima, limekamilika, linangoja jua la Desemba. Nikapasua lingine, likawa hivyo hivyo. Hapo nikakaa chini kwa matope, mzee mzima.

Mnaelewa? Hii mimea haitungi ua wakati tunaliona. Inalitunga ndani ya baridi, kwa ncha ya tawi la mwaka uliopita, kimya, na inalibeba hivyo miezi. Baridi ndiyo inaipa ua, ndiyo maana hapa Kitengela ilikataa. Na baba yenu, kila mwaka, baridi ikimaliza tu kazi yake, alikuwa anapanda na kisu kilichonolewa vizuri na kuyakata maua yake yote kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo, yakiwa sawa, halafu anayatupa ng'ambo ya ua kwa mbuzi, halafu anakasirikia mbuzi. Kile kichaka cha pembeni kiliponea kwa sababu mkono wake ulikataa kuvuka kwa Parmuat. Mwanzo ulikuwa ni mpaka tu, baadaye chuki yake ndiyo ilikihifadhi.

Kitu kinachoniuma si kwamba alikosea. Kila mtu anakosea. Kinachoniuma ni kwamba ilibidi afe ndipo zichanue, na hakuna namna yoyote angeweza kuona, kwa sababu angekuwa hai angezikata. Nimeligeuza jambo hili kila upande kitandani hapa na sijapata mahali ambapo linapungua uchungu.

Nilinyamaza nalo. Niliona haya kumvua marehemu nguo mbele ya watu. Na nilivyonyamaza ndivyo nyinyi mlivyozidi kuumizana. Judy, ulisema Nashipae anamchukia baba yako kwa sababu tangu afe hamtaji jina, na hata mtoto wake mwenyewe ameacha kumwita Kahiga, anamwita Kababa. Ulisema anamfuta. Mwanangu, uliwahi kumuuliza? Kwao jina la mtu aliyekufa haliitwi ovyo. Wanaliweka chini pamoja na yeye, ili lipumzike. Katika hii nyumba yote, huyu msichana ndiye amekuwa akimheshimu baba yako kila siku, kila anapofungua mdomo kumwita mtoto wake na kulizuia hilo jina. Mwangalie. Nimesema umwangalie, si sakafu.

Basi ile bustani ninampa Nashipae. Si Ndung'u, Nashipae, kwa jina lake. Ndung'u, najua fundi alishakuja kupima msingi wa nyumba ya ghorofa pale, usidhani mgonjwa haoni simu yako. Hakuna nyumba itajengwa pale. Nashipae, wewe umezijua kutoka upande ule mwingine wa ua, ulikuwa unaona maua wakati sisi tulikuwa tunaona majani. Uzitunze hivi. Usizichimbe karibu, mizizi yake iko juu juu. Uzitandikie majani ya paini. Maua yakizeeka yakawa karatasi, kata ua lenyewe peke yake, usishuke chini ya yale macho mawili ya kwanza ya tawi, yale matumba yaliyonona. Tawi lililokufa, litoe kutoka chini kabisa. Zaidi ya hayo, ziache. Najua kuacha kitu ni kazi ngumu kwa watu wa hii familia. Na ukitaka kuzalisha mingine, lalisha tawi chini likiwa bado kwa mama yake, lifukie katikati, weka jiwe juu, usahau. Likishika mizizi, la kwanza kabisa ulipeleke kwa boma ya baba yako, lakini uliwekee ua mzuri, mbuzi wasilifikie.

Kile kisu ni cha Judy. Kimening'inia palepale. Kitunze, kipake mafuta, kilitulisha. Lakini kisipande Ngong.

Na mimi mnizike hapa kando yake, kwa huu udongo mbaya wa Kitengela, nimeuzoea. Watu watasema muende mkate maua mnipambie sanduku, na wengine watasema bustani isafishwe kwa sababu kutakuwa na wageni. Sasa ni wakati wa baridi. Sasa hivi ninapoongea zinatunga. Mkiingia na kisu mnanikatia Krismasi. Niende bila ua. Nimekaa katikati yake mara moja, ilinitosha, ni vile tu kile kiti kingine…

Ni gari hiyo? Ndung'u, angalia. Ni wao. Niinueni. Hapana, usitoke, Ndung'u, kaa.

Hajashuka? Ameshuka. Amesimama wapi? Nje ya geti. Nilijua. Hataingia. Atasimama hapo na kofia yake mpaka nife, kwa sababu alikatazwa na mwenye nyumba, na hajaambiwa vingine na mwenye nyumba.

Judy. Hii nyumba nimekupa sasa hivi mbele ya hawa wote. Wewe ndiye mwenye nyumba. Mimi sikuenda zile hatua, na miguu imekataa. Nenda wewe. Usimpigie kelele kwa dirisha, usimtume mtu. Fungua lile geti lote, si kile kimlango, umshike mkono, umwingize. Hata kama huna la kusema, usiseme. Nenda, mama yangu.

Ameinuka? Nashipae, niambie, mimi sioni vizuri. Anatoka? Haya.

Ndung'u, mwanangu. Mkono wako una baridi. Wewe ndiye… ulisema ni baraka kutoka mbinguni. Labda. Acha iwe hivyo. Usimwambie mtoto kwamba babu yake hakujua. Mwambie alipenda sana akakata sana. Akiwa mkubwa ataelewa.

Nyamazeni. Geti hilo. Halijapakwa mafuta tangu… Hiyo ni fimbo yake kwa saruji. Wanatembea wawili. Sikieni, ni wawili.

Iko, baba Nashipae, naitikia salamu yako kama wanawake wa kwenu. Iko. Mimi ndiye wa kukusalimia kwanza, umenitangulia tena. Karibu ndani. Umechelewa kuingia na kosa ni letu. Yale matawi… mbuzi hawakula maua yake. Hawakula hata moja. Nimeona kwa macho yangu. Alikuwa anayakata mwenyewe, na hakujua, na alikufa hajajua. Tusamehe. Yeye na mimi.

Asante. Ndiyo. Nimesikia.

Judy, usimwachilie huo mkono. Njoo nao hapa. Ndung'u, piga magoti. Nashipae, kando yake. Judy na wewe, inama, nyote mbele ya huyu mzee. Nilitaka niwabariki mimi, nimejaribu tangu asubuhi, lakini mdomo umekauka, sina hata tone. Wakae vizuri… wazae, wazeeke, wasiwe wepesi wa kukata. Baba Nashipae, mimi mate yameniisha. Watemee wewe, kwa niaba yangu, na kwa niaba ya yule ambaye hatumtaji.